GOTI LINAUMA: SINDANO YA DAMU YAKO MWENYEWE ITAKUSAIDIA?

Katika nyumba mingi za Likasi, toka Kikula mpaka Panda na Shituru, kuko angalau mutu mumoja mwenye kusimama polepole. Anashika meza kwanza, anakunja uso kidogo, kisha anasema: "Aa, hii goti yangu!" Kama haiko wewe, pengine ni mama yako, ao bwana yako, ao ule muzee wa jirani mwenye alitumika miaka 30 kwa kampani.

Siku hizi mutu kama ule anaweza kusikia habari mupya. Ndugu mwenye kuishi mbali anamutumia ujumbe kwa telefone: kuko sindano ya ajabu. Wanatoa damu yako mwenyewe, wanaizungusha katika mashini, wanairudisha ndani ya goti. Jina lake ni PRP. Na jamaa linaanza kuhesabu feza. Tuuzishe nini? Kipande cha shamba? Mashini ya mama ya kushona? Tukope kwa nani?

Mbele hamujauzisha kitu, someni kwanza ukurasa huu pamoja, baba, mama na watoto wakubwa. Tutaeleza ile sindano ni nini, majaribio ya waganga yameonyesha nini, na ni kazi gani mutu anaweza kuanza leo jioni nyumbani bila kulipa hata franga moja.

KUKO NINI NDANI YA GOTI?

Wewe mama, unapokata muguu wa kuku fasi ya kiungo, unaona kitu cheupe chenye kung'aa na kuteleza kwenye kichwa cha mufupa. Kile ni kartilaji. Goti lako pia liko nayo. Kazi yake ni kuzuia mifupa isisagane unapotembea, unapopanda ngazi ao unapopiga magoti.

Pamoja na miaka, muzigo na maumizi ya zamani, ile kartilaji inaweza kupungua na kukwaruzika. Mifupa inaota miiba midogo pembeni. Ngozi ya ndani ya goti inakasirika, mara ingine inajaza maji. Misuli ya paja inazoofika kwa sababu mutu anaogopa kutumia muguu wake. Hayo yote pamoja njo waganga wanaita artroze.

Artroze haiko ugonjwa wa watu wachache. Shirika la Afya la Ulimwengu linahesabu kwamba katika mwaka 2019 watu karibu milioni 528 walikuwa nayo katika dunia, na kati yao milioni 365 walikuwa nayo katika goti. Wanawake wanapita wanaume kwa hesabu, na wengi wamepita miaka 55.

Waganga wanapima artroze kwa picha ya mifupa, ile tunaita radio. Wanatumia ngazi toka 0 mpaka 4. 0 ni goti lenye haliko na alama, 4 ni goti lenye kuharibika sana. Artroze ya mwanzo iko chini ya ile ngazi, kwa 1 ao 2. Shika neno hilo "mwanzo", kwa maana njo wakati ule mutu anaweza kufanya mengi kwa goti lake.

GOTI LA MUCHIMBAJI

Ile ngazi ya 0 mpaka 4 iliandikwa mwaka 1957 na waganga wawili wa Uingereza, Kellgren na Lawrence. Lakini mbele ya pale, mwaka 1952, wao wawili walikuwa wametangaza kazi ingine yenye inatugusa sisi watu wa migodi. Walipima wachimbaji wa makaa ya mawe, wakawalinganisha na watu wa kazi zingine. Picha za mifupa zilionyesha kwamba wachimbaji walikuwa na artroze ya goti mingi kupita wale wenye kufanya kazi katika biro. Mutu mwenye kupiga magoti saa mingi chini ya udongo, mwenye kuinama na kubeba, goti lake linalipa.

Ilikuwa lazima kungoja sana mbele serikali ya Uingereza kuitika jambo hilo. Ni katika mwaka 2009 tu iliandika artroze ya goti ya wachimbaji wa makaa ya mawe kati ya magonjwa yenye kuletwa na kazi. Miaka 57 ilipita toka ile kazi ya waganga!

Sisi hapa Likasi tunajua kazi hiyo. Toka wakati wa Union Minière, yenye ilianzishwa mwaka 1906, mpaka Gécamines, baba zetu na babu zetu walibeba, walichimba, walipanda ngazi za viwanda vya Panda na Shituru. Katika miaka 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa ile mupango wenye kuitwa "kuondoka kwa mapenzi". Wengi wao leo ni wazee. Wakati wa kampani, hospitali ya kazi ilitunza mutu na jamaa lake. Leo wengi wanalipa dawa kwa mufuko wao wenyewe. Na vijana wengi wameingia katika mashimo kuchimba kwa mikono, wakiwa juu ya magoti, bila kitu cha kuyakinga.

Kwa hiyo, ndugu, muzee wako akilia goti, usianze kutafuta nani mwenye kumuloga. Usimutazame bibi wa jirani kwa jicho baya. Hapana bulozi hapa. Ni miaka, ni kazi, ni muzigo. Kumusingizia mutu kunaharibu muji na hakuondoe maumivu.

SINDANO YENYEWE INAFANYWA NAMNA GANI?

Ndani ya damu yetu kuko vipande vidogo sana vyenye kuitwa plakete. Tone moja dogo la damu liko na mamilioni yake. Unapojikata na kisu, plakete njo zinakimbia kuziba kidonda. Zinatoa pia dawa zenye mwili wenyewe unatengeneza, zenye kuita nyama kukua na kupona.

Waganga walifikiri hivi: kama plakete zinaponyesha kidonda, tukizikusanya na kuzitia katika goti, pengine zitalisaidia. Basi wanatoa damu kwenye mukono, wanaitia katika chupa ndogo, wanaizungusha kwa mbio katika mashini ya labo. Damu nyekundu inashuka chini. Juu kunabaki maji ya rangi ya manjano, yenye kuitwa plazma. Wanachukua sehemu yenye plakete mingi, wanaipiga ndani ya goti. PRP maana yake ni plazma yenye plakete mingi. Wengine wanapiga sindano moja, wengine tatu, kila wiki moja.

Wazo hilo haliko la upumbavu. Waganga wa taya na meno walianza kulitumia katika miaka ya 1990. Lakini wazo zuri na dawa yenye kuponyesha ni vitu viwili. Ni lazima kujaribu.

MAJARIBIO YALIONYESHA NINI?

Mwaka 2013, waganga wa Chandigarh, katika India, walitangaza jaribio lao juu ya watu 78 wenye artroze ya mwanzo. Wamoja walipata PRP, wengine walipata maji ya chumvi tu. Kisha miezi 6, wale wa PRP walisikia maumivu kidogo kupita wale wengine. Watu wakafurahi. Makliniki yakaanza kuiuzisha katika inchi mingi.

Lakini watu 78 ni wachache. Mwaka 2021, waganga wa Australia walitangaza jaribio kubwa zaidi. Walichukua watu 288 wa miaka 50 na zaidi, wenye artroze ya mwanzo ao ya katikati. Nusu walipigwa PRP mara tatu, nusu walipigwa maji ya chumvi mara tatu. Hakuna mugonjwa mwenye alijua amepata ipi.

Kisha mwaka 1, waliulizwa: maumivu yako ni ngapi juu ya 10? Wale wa PRP, maumivu yao yalikuwa yamepungua kwa 2.1. Vizuri! Na wale wa maji ya chumvi? Yalipungua kwa 1.8. Karibu sawasawa. Tena walipiga picha za kartilaji. Katika vikundi vyote viwili ilikuwa imeendelea kupungua kidogo: kwa asilimia 1.4 kwa wale wa PRP, na asilimia 1.2 kwa wale wa chumvi. Sindano haikuzuia kartilaji kupungua.

Utauliza: namna gani maji ya chumvi yalisaidia? Fikiri kidogo. Maumivu ya artroze yanapanda na kushuka sawa maji ya muto. Mutu anaenda kwa muganga siku yanapanda sana. Kisha wiki chache yangeshuka hata bila kitu. Tena mutu mwenye kupimwa vizuri, mwenye kusikilizwa, mwenye kupata matumaini, anasikia nafuu ya kweli. Hasemi uongo. Lakini ile nafuu haitoke katika plakete.

Mbele ya jaribio lile la Australia, mwaka 2020, chama cha American College of Rheumatology, chenye waganga wa magonjwa ya viungo, kilitoa shauri la nguvu: tusitumie PRP kwa artroze ya goti. Walisema pia kwamba kila kliniki inaitengeneza kwa namna yake, na hivi mutu hajue ni nini anapigwa. Wengine hawakufunga mulango kabisa. Waganga wa kupasua mifupa wa Marekani walisema katika mwaka 2021 kwamba inaweza kupunguza maumivu, lakini uhakikisho wao ni wa chini. Hivi unaona, hata wakubwa wanabishana. Mutu akikuambia "inaponyesha, uko hakika", yeye anafanya biashara.

DAWA YENYE HAKUNA MUTU ANAKUUZISHIA

Sasa kuko habari njema, na inatuhusu sisi wote. Waganga wa inchi mingi wanapatana juu ya mambo mawili kwa artroze ya goti: mazoezi, na kupunguza uzito kwa wale wenye kuwa nao mwingi. Hawabishane hapa. Shida ni kwamba hakuna mutu anapata faida kwa kukuuzishia.

Watu wengi wanasema: "Goti inauma, basi nitakaa." Hilo ni kosa. Misuli ya paja njo inabeba goti. Ukikaa tu, misuli inalegea, na muzigo wote unaanguka juu ya kiungo. Anza hivi:

1. Kaa juu ya kiti. Nyoosha muguu mumoja mbele mpaka uwe sawa. Hesabu mpaka 5. Shusha polepole. Fanya mara 10, kisha muguu mwingine.

2. Kaa juu ya kiti kigumu chenye hakitembee. Simama bila kujisukuma na mikono, kaa tena polepole. Mara 10. Ukishindwa, anza na kiti kirefu, ao jisaidie kidogo na meza.

3. Panda kwenye kidaraja kimoja cha mulango, shuka. Mara 10 kwa kila muguu. Shika ukuta usianguke.

4. Tembea fasi yenye kuwa sawa. Anza na dakika 10, ongeza polepole mpaka 30.

Fanya ile mitatu ya kwanza mara tatu kwa wiki, na kutembea karibu kila siku. Kuuma kidogo wakati wa mazoezi hakuko hatari. Lakini kama kesho asubuhi goti linauma kupita kawaida ao limevimba, punguza. Usihukumu kazi hii mbele ya wiki 8. Misuli haijengwe kwa siku moja. Na kama hospitali yako iko na muganga wa mazoezi, yule tunaita kiné, mwombe akuonyeshe mara moja vizuri.

Juu ya uzito: muganga mumoja wa Marekani, Stephen Messier, alionyesha mwaka 2005 kwamba ukipunguza kilo 1 ya mwili, goti linapunguziwa muzigo wa karibu kilo 4 kwa kila hatua. Basi punguza kilo 5, ni sawa kushusha muzigo wa kilo 20 kwa kila hatua toka nyumbani mpaka soko. Punguza donge la bukari, ongeza sombe na mboga zingine, punguza mafuta na sukari. Na wewe baba, zile Simba za jioni pia ni chakula! Lakini kama wewe ni mwembamba, shauri hili haliko lako. Kula vizuri, upate nguvu ya misuli.

Tena badilisha kazi kidogo. Weka mbabula juu ya matofali yenye kusimama imara, mbali na watoto, upike bila kuchuchumaa. Fua juu ya meza. Katika sala, kaa ao simama kama magoti yanakataa. Muchimbaji afunge kipande cha mupira wa gari ao sponji kwenye magoti, na asikae mule saa mingi bila kusimama. Mwenye kutumia fimbo aishike kwa mukono wa upande mwingine wa goti lenye kuuma.

ANGALIA DAWA ZA FARMASI

Wengi wanaenda moja kwa moja kwa farmasi na kusema: "Munipe ya nguvu." Wanapewa diklofenaki pamoja na deksametazoni. Maumivu yanaisha haraka, na wanarudi kila wiki. Lakini diklofenaki ya kumeza siku mingi inaweza kutoboa tumbo, kuharibu figo na kupandisha tansio. Deksametazoni inapandisha sukari, inazoofisha mifupa na inafungua mulango kwa magonjwa mengine. Kama umeitumia muda murefu, usiiache siku moja tu, enda uone muganga akusaidie kuipunguza polepole. Kwa goti, mafuta ya kupakaa yenye diklofenaki yanasaidia wengi na hatari yake ni ndogo. Chupa ya maji ya moto kidogo, iliyofungwa katika kitambaa, inatuliza pia.

USINGOJE!

Hapana kila goti lenye kuuma ni artroze. Enda hospitali siku ileile kama:

– goti limevimba, ni la moto, na mutu ana homa;
– muguu haukanyage tena kisha kuanguka ao ajali;
– goti limefungana, halinyooke wala halikunjike.

Enda pia bila kuchelewa kama maumivu hayalale usiku, na mwili unakonda bila sababu. Na kama ni mutoto mwenye kulia viungo mara kwa mara, mupime damu: pengine ni ule ugonjwa wa damu tunaita SS. Mutoto hana artroze ya wazee.

KAMA UNGALI UNATAKA ILE SINDANO

Feza ni yako, mwili ni wako. Lakini uliza maulizo haya mbele ya kulipa, na wapeleke pamoja na wewe mutoto ao ndugu mwenye kusikiliza vizuri:

1. Umeona radio yangu? Artroze yangu iko kwa ngazi gani?
2. Sindano ngapi, na feza ngapi kwa zote pamoja?
3. Nani atapiga? Yeye ni muganga mwenye kuzoea viungo?
4. Chupa na sindano ni mupya, zitafunguliwa mbele yangu? Jina langu litaandikwa juu ya chupa ya damu yangu?
5. Kama haisaidie, kisha tutafanya nini?

Ulizo la 4 haliko la muchezo. Mashini ya kuzungusha damu iko katika labo mingi. Kwa hiyo mutu yeyote anaweza kujifanya fundi wa PRP. Lakini vijidudu vikiingia ndani ya goti, vinaweza kuliharibu kwa siku chache kupita artroze ya miaka 20. Na damu ya mutu mwingine ikichanganywa na yako kwa uzembe, inaweza kukuletea sida ao ugonjwa wa maini. Muganga mwema hakasirike kwa maulizo. Akikasirika, chukua feza zako, rudi nyumbani.

Na shamba? Msiliuzishe juu ya sindano hii. Wekeni kwanza miezi mitatu: mazoezi, uzito, mbabula juu ya matofali. Muandike katika daftari kila Jumapili maumivu ni ngapi juu ya 10. Kisha miezi mitatu mutazame hesabu pamoja, na mumuonyeshe muganga lile daftari. Pale njo mutaamua mukiwa na kitu cha kusoma mukononi, na shamba likingali lenu.